Kutunza Hisa za Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipopunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika, kiinua mgongo kilimtia wasiwasi kuliko kule kukosa kazi. Miaka ile mashirika yalikuwa yakibinafsishwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wamefika hadi vijijini, na kila aliyelipwa mafao alikuwa na washauri wa kutosha. Wengine walinunua mashine za kusaga. Wengine walifungua vioski pale Msasani ya kwetu Tukuyu, vikafa rangi haijakauka. Yeye alinunua hisa za kiwanda kimoja cha Dar es Salaam ambacho hakuwahi kukiona hata geti lake. Karibu fedha yote ikaishia huko, na mkononi akabaki na hati moja yenye mhuri.

Miezi ya mwanzo alitembea mjini Tukuyu kifua mbele. Kisha redio ikawa inataja bei za hisa baada ya taarifa ya habari, na raha yake ikaisha. Bei ikipanda shilingi chache anacheka na watoto, ikishuka hali chakula. Mke wake aliniambia kwamba nyumbani siku hizi hawaulizani hali, wanauliza redio imesemaje.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kawetele, mjane, na nilijulikana kwa kutopapatika. Mtoto akivunjika mkono uwanjani, walimu wenzangu wanapiga kelele, mimi natafuta vijiti vya kufungia. Wengi waliiona tabia hiyo kuwa ni ukosefu wa huruma, na sikujisumbua kuwasahihisha. Nadhani ndiyo sababu mdogo wangu alinijia siku moja na ile hati ndani ya bahasha, akaomba aniachie kama watu wanavyoachiana ng'ombe.

Kwetu Rungwe mtu hakuweka ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Mmoja alimwachia shangazi, mwingine rafiki wa kijiji cha mbali. Aliyeachiwa alikunywa maziwa, na mwenye ng'ombe hakwenda kumchukua eti kwa kuwa amemkumbuka. Alikwenda na nyama au sukari, akakaa, akala, akaeleza shida yake. Shida zenyewe zilijulikana: mahari, msiba, ugonjwa. Mtunzaji alikuwa na haki ya kuuliza, na akiona hakuna shida, mgeni alirudi kwao na kamba yake mkononi.

Nilimuuliza kama anaelewa anachokiomba. Alisema anaelewa, ndiyo maana anakiomba. Maziwa yangu yangekuwa sukari na kitenge kila gawio likitoka. Nikaweka bahasha chini ya mashuka sandukuni.

Haukupita muda mrefu bei ikaporomoka. Mjini watu walikuwa wakiuza kwa hasara, na mtu aliyefanya naye kazi ushirika alikuwa amekwisha kuuza zake zote. Mdogo wangu alifika kwangu mvua ikinyesha, suruali imelowa hadi magotini, mkononi kilo ya nyama. Desturi aliifuata, siwezi kumsingizia. Nilimwandalia ndizi, akasema amekuja kuchukua hati.

"Kuna anayeoa?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, dada. Redio imesema imeshuka tena."

"Basi kula, ndizi zinapoa."

Alikula kwa hasira, akaondoka bila kuaga vizuri. Kanisani alihama benchi.

Mara ya pili alikuja akicheka. Bei ilikuwa imepanda kupita hata aliyonunulia, na kuna mtu wa Mbeya alikuwa anauza pikapu. Nikamuuliza maswali yaleyale, majibu yakawa yaleyale. Safari hii aliniambia nina roho ngumu, kwamba fedha ni zake na mimi najifanya benki. Yote hayo yalikuwa kweli. Hati sikumpa. Ile pikapu aliinunua mtu mwingine, na kama ilimfaa au haikumfaa sikufuatilia.

Alichokuwa hakijui ni kwamba tangu siku ile ya mvua nilikuwa nimenunua betri. Mimi ambaye redio niliifungulia mahubiri tu, sasa nilikuwa nakaa nayo jikoni nikisubiri wamalize habari za wakubwa wafike kwenye hisa. Bei ikishuka nilibaki najiuliza. Nikiivuruga riziki ya watoto wa mdogo wangu kwa ukaidi, nitamwambia nini mama yao? Asubuhi nafundisha hesabu za kutoa, sauti haitetemeki. Yeye huko kwake, mke wake aliniambia, alikuwa ameanza kupata usingizi. Alirudi shambani kwenye chai yake, na redio aliwaachia watoto.

Kisha wifi yangu akaugua. Habari niliipata kwa mama mmoja tuliyekuwa naye kwaya: amelazwa Mbeya, anatakiwa upasuaji, na mumewe anatafuta mnunuzi wa shamba la chai. Kwangu hakuja. Alikuwa amekataliwa mara mbili, na kiburi kwetu tunarithishana.

Sikusubiri nyama wala sukari. Nilitoa bahasha sandukuni, nikaenda kwake, nikamkuta nje na mtu anayepima shamba kwa hatua. Nikampa bahasha mbele ya yule mtu. Aliishika bila kuifungua.

"Ndaga, dada," akasema, akinishukuru kwa lugha ya nyumbani. Kisha akauliza, "Hivi siku hizi bei ikoje? Mimi niliacha kusikiliza."

Nikamtajia. Nikamtajia na ya wiki iliyopita, na ya wiki iliyotangulia hiyo, na ile ya chini kabisa ya mwezi uliokwisha.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza?"

"Kila wiki," nikamwambia. "Nilikuwa naogopa sana."

Sijui kama aliwahi kunisikia nikisema neno hilo. Alimgeukia yule mpima shamba, akamwambia arudi kwake, shamba haliuzwi tena, halafu akanishika mkono.