Fundi Aliyesema Hajaelewa

Saa kumi na mbili asubuhi, Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Jovina Ansbert amejifunika blanketi gubigubi, yeye na kompyuta yake, simu ya kurekodia karibu na mdomo. "Ubao mfupi usiusukume kwa mkono…" anaanza. Ndege inapita juu ya bati. Anasubiri ngurumo iishe, anavuta pumzi, anaanza upya.

"Nikiwahi hivi napata upenyo kati ya ndege na ndege," anasema akijitoa kwenye blanketi, nywele timtim, jasho likimtiririka. "Tatizo linabaki jogoo wa jirani."

Jovina, 38, mzaliwa wa Muleba, alifundisha sekondari kabla ya kuajiriwa na taasisi inayofundisha mafundi kwa njia ya simu. Yeye ndiye mwandaaji wa masomo. Sentensi hiyo ya ubao mfupi inamkosesha raha, kwa sababu alipaswa kuirekodi mwaka juzi.

Mwaka juzi alitakiwa achague moja kati ya programu mbili za kutengenezea masomo. Ya kwanza ilijaa mbwembwe: picha zinaruka, maandishi yanaingia na kutoka, maswali ya kubonyeza. Ya pili, tuseme ukweli, ilikuwa na sura mbaya: picha moja, kitufe kimoja, na sauti ya mtu anayeeleza, ambayo mwanafunzi anaweza kuirudia mpaka achoke.

Akaandaa mwanzo tu wa somo lilelile la mashine ya randa, ile inayolainisha mbao kwa visu vinavyozunguka, kwa programu zote mbili, akaupeleka kwenye karakana ya maseremala Manzese. Mafundi wakatazama. Akawauliza ipi bora.

Jamani, nani atamwambia mgeni, tena mwalimu, aliyekuja na kreti ya soda, kwamba alichokileta hakifai? Wote walimwona alivyotabasamu akifungua ile ya mbwembwe. "Nzuri sana, mwalimu," wakasema. "Hii ndiyo yenyewe."

Mmoja tu akanyoosha mkono: Mwishehe, fundi wa miaka hamsini na ushee.

"Mwalimu, mie hii inanikimbia. Sijaelewa. Ile nyingine inaniambia kama mtu anavyomwambia mwenziwe."

Karakana nzima ikaangua kicheko. "Mzee, simu zimekuacha!" akatania mmoja. Jovina naye akacheka.

"Sijui hata nilichekea nini," anasema sasa, macho chini. "Mtu kanipa ukweli, mie nikacheka na wenzake."

Ile ya mbwembwe ikapita. Mafundi wakabonyeza mbele, mbele, hadi mwisho, wakapata vyeti. Mwishehe alibonyezewa na mwenzake. Miezi michache baadaye, akipiga randa ubao mfupi huku akiusukuma kwa mkono, mashine ikamkata vidole viwili vya mkono wa kulia.

Onyo lilikuwamo kwenye somo. Jovina amelitazama tena na tena: linaruka kwenye kioo cha simu, linatoweka kabla mtu hajamaliza kulisoma.

Wiki iliyopita alirudi Manzese. Mwishehe hashiki tena randa. Anapiga msasa miguu ya viti kwa mkono wa kushoto, na anachopata hakifiki nusu ya kile cha zamani.

"Shikamoo, mzee Mwishehe."

"Marahaba, mwalimu. Karibu! Jamani, mleteeni mwalimu stuli."

Jovina hakuzunguka. "Mzee, nimekuja kukuomba radhi. Lile somo lilikuwa baya. Wewe ulisema, mie nikakucheka."

Mwishehe akapuliza vumbi la msasa. Mkono wa kulia akauficha chini ya kitambaa.

"Aa, mwalimu, usiseme hivyo. Ajali ni ajali. Somo lilikuwa zuri tu."

Njiani kurudi Kipawa Jovina alilia, hakujali watu wanaomtazama. "Bora angenitukana," anasema. "Alikuwa mtu mmoja tu asiyenificha kitu. Sasa na yeye ananiambia nzuri."

Somo analitengeneza upya kwa ile programu yenye sura mbaya, na kazi hiyo anaifanya kwa muda wake mwenyewe, kabla ya saa za ofisi. Likikamilika atalipeleka karakanani, na safari hii hatauliza kama ni zuri. Atamwomba kila fundi amfundishe yeye kile alichokisikia.

"Nataka mzee Mwishehe akae mbele kabisa," anasema huku akilivuta tena blanketi, kwani anga limetulia. "Aniambie, 'Mwalimu, sijaelewa.' Akinyoosha ule mkono aliouficha na kusema hivyo, nitajua amenisamehe."