Bogenvilia Iliyopukutisha Majani Mabichi

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi si mtu wa kuona majini kila kona, na kanisani wananijua kwa kubishana hata na mhubiri. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, jua likiwaka, huku kwetu nje ya Katangi, miaka ile ya tisini kabla simu za mkono hazijatufikia.

Mlangoni petu palikuwa na bogenvilia kubwa iliyopandwa na mama mkwe wangu kabla sijaolewa. Mwaitu, ndivyo nilivyomwita kwa Kikamba, ndiye aliyezika kitovu cha binti yangu Mwende chini yake. Katika ukoo wao hiyo ni siri ya wanawake, wanaume hawaambiwi.

Siku moja nikarudi kutoka sokoni mchana nikaikuta tupu. Majani yote yako chini, mabichi, hayajanyauka. Asubuhi niliiacha imejaa maua. Sasa niambie, ua gani hupukutika hivyo kwa saa chache?

Nilianza na yale ninayoyajua. Nikachimba udongo kwa kidole: una unyevu, maana nilikuwa naimwagia maji ya kusuuzia nguo. Nikakwangua gome kwa ukucha, ndani kibichi. Mchwa hakuna, wadudu hakuna. Nikafukua mizizi kidogo, mizima. Mgonjwa gani huyu asiye na ugonjwa? Kilichonishtua ni tawi moja lililokatwa kwa kisu, na pale lilipokatwa bado panatoka maji.

Ndipo Mwaitu akapiga ukemi ndani. Mwende, mtoto wa miaka sita, alikuwa amelala, na bibi yake alipomgeuza nywele zilibaki kwenye mto. Zote. Niamini, nililia kabla sijaelewa ninalia nini.

"Nani amekata tawi?" Mwaitu akauliza.

Mume wangu akaja kutoka zizini. "Ni mama fulani alipita akaomba tawi akapande kwake. Sasa ningemnyima ua? Ameingia kwa ile boma ya zamani, ng'ambo ya mto."

"Ile watu walihama?" Mwaitu aliketi chini vumbini. "Mwiitu, binti yangu, kimbia. Hilo tawi likishika mizizi, mtoto si wako tena."

Nilimtukana mume wangu matusi ambayo siwezi kuyarudia, nikakimbia. Baadaye sikumlaumu. Huku kwetu anayeomba tawi la ua hanyimwi, ndivyo maua yanavyotoka nyumba hadi nyumba.

Mto ulikuwa mchanga mtupu. Kwenye ile boma zilibaki kuta bila paa, lakini uwanja ulikuwa umefagiwa. Katikati alichuchumaa mwanamke wa makamo, amejifunga leso, safi, wa kawaida kabisa. Alikuwa akimwagilia tawi letu kwa kikombe. Tawi la asubuhi tu! Lilishajaa majani na kunifika kiunoni.

Akanigeukia, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mwende.

"Mama, usinitoe. Hapa kuna maji."

Kilichonibeba ni hasira, si ujasiri. Nikalishika tawi kwa mikono miwili, miiba ikanichana, nikavuta. Likagoma. Nikavuta tena huku nikimwita mwanangu, likang'oka, na mzizi mmoja mrefu ukakatikia ardhini. Nilipoinua macho, mwanamke hayupo, na uwanja una magugu hadi magotini.

Tawi tulilichoma jioni hiyo. Bogenvilia ilichipua, nywele za Mwende zikaota. Leo yeye ni mama wa watoto wawili. Lakini kila kiangazi hushikwa na kiu isiyokatwa na maji, na kila kiangazi pale bomani huota chipukizi moja jekundu. Nalifuata na jembe, nachimba, na mzizi siuoni.

Mwaka huu nimekuta machipukizi matatu. Wajukuu wangu nao wameanza kuamka wakiomba maji, na mimi naogopa, sikufichi.

Kwa hiyo, ua lako likipukutika ghafla, angalia maji, angalia mchwa. Ukikosa sababu, uliza upesi ni nani aliyeomba tawi. Na kama kuna kitovu cha mtoto chini yake, waambie watu wote wa nyumbani, wanaume pia. Ua hilo halikatwi, hata mgeni akilia.