Kilo Sabini za Wifi

Mume wangu, fundi wa pikipiki, wanamwita Meno. Si kwa uzuri wa meno yake, maana mawili ya mbele aliyaacha kwenye usukani wa pikipiki zamani, bali kwa sababu hawezi kuona sproketi, lile duara la meno linalovutwa na mnyororo kwenye gurudumu la nyuma, asiihesabu. Hata tukiwa msibani, pikipiki ikiegeshwa karibu ataichungulia nyuma, midomo ikimchezacheza, kisha aninong'oneze kwamba mwenyewe ni mtu wa haraka au ni mtu wa mizigo. Nimeishi naye miaka kumi na sita na bado ananitia aibu.

Basi alipoamua kumtengenezea dada yake pikipiki ya magurudumu matatu, nilijua nyumba yangu itageuka gereji. Wifi yangu ni fundi cherehani. Mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni, anatembea kwa magongo. Ndiye aliyemlea Meno baada ya mama yao kufariki, na duka lake liko juu ya mlima ambao hata mwenye miguu miwili mizima huufikia akihema. Miezi ya karibuni alianza kufungua duka saa nne, mara saa sita, mara hafungui kabisa. Alisema magongo yamemchosha. Sote tukaamini.

Chombo chenyewe kilikuwa chepesi: mabomba membamba, injini ya pikipiki ndogo, kiti mbele kidogo ya magurudumu mawili ya nyuma. Kazi ikawa kuchagua sproketi ya nyuma. Habari hiyo nimeisikia hadi naweza kuihubiri usingizini: meno mengi nyuma, chombo kinavuta mzigo na kupanda mlima lakini hakikimbii, meno machache, kinakimbia lakini mlimani kinaishiwa nguvu. Kwa wiki mbili zilikaa sproketi mbili mezani kwangu, katikati ya sahani, ya meno thelathini na nane na ya arobaini na nane. Wifi alitaka ya thelathini na nane. Alisema amechoka kupitwa na kuku barabarani.

Meno hafungi sproketi kabla ya kujua uzito wa mteja. Wengine huwapandisha kwenye mzani wa jirani yetu anayenunua vyuma chakavu. Kwa dada yake aliuliza tu kwa heshima, naye akajibu bila kupepesa macho: sabini, na asithubutu kumuuliza mwanamke swali hilo mara ya pili. Tukacheka. Sabini zake, cherehani, na majora ya vitambaa. Meno akapiga hesabu, akafunga ya arobaini na nane.

Tulijaribu Jumapili asubuhi, barabara ya mlimani ikiwa tupu. Wifi alikuja na moja ya yale magauni yake mapana, kajazia vizuri, kapendeza. Nilisimama chini nimekunja mikono, tayari kumcheka yeyote atakayestahili. Meno alitembea nyuma ya chombo, mkono karibu na kiti, kama afanyavyo kila mara. Chombo kikapanda hatua kumi bila taabu. Wifi akaongeza mafuta. Gurudumu la mbele likanyanyuka.

Kwa hesabu za Meno, kilo sabini za mpandaji, hata bila cherehani, zilitosha kulikandamiza lile gurudumu, na hesabu zake hazijawahi kumwangusha. Likazidi kunyanyuka, chombo kikasimama kama mbuzi anayefuata majani ya juu, wifi akaporomoka, na mume wangu akamdaka. Injini ikazimika.

Nilikimbia huku nikifoka kwamba nilisema mimi, wakati sikuwa nimesema chochote. Wifi hakuwa na hata mkwaruzo. Lakini Meno alikuwa amembeba dada yake katikati ya barabara, akimnyanyua na kumshusha kidogo mikononi, vile anavyokadiria uzito wa kipande cha chuma. Alifanya hivyo mara tatu, na uso ulikuwa umemsawijika.

Akashuka naye vilevile hadi kwa jirani, akamkalisha juu ya bamba la mzani. Wifi alitania kwamba yeye bado si chuma chakavu. Mshale ukasimama kwenye arobaini na moja.

Nilimshika kiunoni ili asianguke, vidole vikazama kwenye sponji. Alikuwa ameshonea sponji ndani ya gauni, mabegani, kiunoni, mapajani, kwa ufundi wake uleule usioonyesha mshono. Mwaka mzima nimekula na mtu huyu kila Ijumaa, nikimsifia magauni. Nilijichukia palepale.

"Tangu lini, dada?" Meno aliuliza.

"Mwaka jana. Uvimbe tumboni. Daktari alitaka nirudi kila wiki, na ngazi za basi siziwezi." Akajiweka sawa juu ya bamba. "Ningekutajia arobaini, mdogo wangu, ungetupa spana ukaanza kulia. Nikasema umalize kwanza."

Hospitali iko ng'ambo ya mji, barabara tambarare kilomita ishirini, hakuna kilima hata kimoja. Nilimwona Meno akilielewa hilo, na mimi nikalielewa nyuma yake kidogo: mwendo alioutaka wifi haukuwa wa dukani. Tungemsikiliza tangu wiki ya kwanza, angekuwa ameshakwenda.

Meno alikivuta chombo hadi pale mzanini, akapiga magoti, akafungua ya arobaini na nane, akaishika ya thelathini na nane. Akaanza kuhesabu meno kwa sauti, jambo ambalo sijawahi kulisikia. Alipofika kumi na tisa akapotea. Akaanza upya, akapotea kwenye kumi na mbili.

Wifi akainama kutoka kwenye mzani, akaweka kidole chake juu ya jino la kwanza. "Moja," akasema, polepole, kama alivyomfundisha kuhesabu vifungo alipokuwa na miaka minne. "Sema nami. Moja."