Chapa ya Ngamia wa Eddo Halima

Siku ya kwanza kazini, pale ofisini Garissa, nilikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni na cheti cha kidato cha nne mkononi. Mkurugenzi akanionyesha kijenzi, yaani programu ya kuunda tovuti kwa kuburuta vipande vilivyokwisha kutengenezwa.

"Abaayo, dada yangu, dakika kumi tovuti iko tayari. Msimbo wa nini?"

Msimbo ni maagizo unayoiandikia kompyuta wewe mwenyewe. Nilijifunza hata hivyo, kwa simu, huku nikinyonyesha.

Tukapewa kazi ya tovuti ya mifugo iliyopotea. Anayeokota ngamia anamtangaza, mwenyewe anamfuata sokoni. Fomu ya kijenzi ilikuwa na jina, simu na picha, basi.

Nikamwambia mkurugenzi, "Huku kwetu mtu anaulizwa chapa, ile alama ya moto ubavuni, kabla hajamwona mnyama. Sisi tunamwonyesha kila mtu ubavu mzima, chapa juu yake!"

"Ficha picha."

"Nikificha, mwenyewe atamjuaje? Nimeandika fomu yangu. Unachora chapa kwa kidole, ikilingana na ya mnyama ndipo picha inafunguka. Tazama, inafanya kazi."

Hakutazama. "Wewe kazi yako kubofya. Bofya."

Nikabofya, picha zikabaki wazi kwa kila mtu. Wallahi, hilo kosa ni langu pia, na linaniuma.

Eddo Halima, shangazi yangu wa Balambala, akapotelewa na ngamia wake wa maziwa. Ngamia akaokotwa, akatangazwa. Kabla shangazi hajafika, mwanamume mmoja akaja sokoni na kuieleza chapa bila kukosea hata mstari. Aliisoma kwenye tovuti yangu! Akapewa ngamia, akampakia kwenye lori, akashika njia ya Diff, mpakani mwa Somalia.

Eddo alifika kesho yake, kamba mkononi. "Si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Mbona huyo hukumuuliza chapa?"

Niliacha kazi siku hiyohiyo. Baada ya wiki mkurugenzi akanipigia, sauti asali tupu. "Abaayo, ile fomu yako bado unayo?"

"Ninayo. Nimempa msimamizi wa soko. Wewe endelea kubofya."

Sasa nyinyi wasichana mnaniuliza kama msimbo una faida ilhali vijenzi vipo. Tovuti ya duka la nguo? Buruteni vipande, mkalale. Lakini aliyevitengeneza hajawahi kuulizwa chapa ya ngamia maisha yake yote. Mkiona nawadanganya, nendeni Balambala kwa Eddo Halima. Atawakaribisha chai. Haina maziwa.