Ndimu Iliyochomwa Kisu

Kisu chenyewe nilikiokota kwenye lundo la vitu vya mtumba, katikati ya mikanda na vijiko visivyofanana. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa mbao, na muuzaji alikisifia kana kwamba amekizaa. Hakuniambia ni cha chuma kile cha zamani kinachonoleka mpaka kikanyoa ndevu, lakini kikinusa unyevu tu kinaota kutu. Na mimi naishi Morogoro, ambako milima ya Uluguru ikiamka vibaya inatumwagia mvua wiki nzima. Kila Jumamosi napanda Mgeta kununua karoti na kabichi za mgahawa wangu. Nikirudi, kisu kina madoa mekundu kama mtoto mwenye surua.

Dawa nilifundishwa na mwanamume mmoja mwenye ndevu, kwenye video ya simu. Alisema kutu nyekundu unaizuia kwa kuliwahi bapa na kulivika utando wa kijivu, na utando huo unatokana na kitu chochote kichachu: siki, ndimu, hata embe bichi. Unakichoma kisu humo, unakiacha, kinatoka kimezeeka kwa heshima. Nililipenda wazo la kitu kuzeeka kwa heshima, maana katika ukoo wetu hatuna mfano.

Basi asubuhi moja nikakiosha kwa sabuni kutoa mafuta, nikachoma ncha kwenye ndimu kubwa, na sehemu iliyobaki nikaizungushia kitambaa kilicholowa siki. Kitambaa kilikuwa kipande cha gauni langu jekundu lililonikataa kiunoni. Nikakifunga kwa uzi mweusi kisifunguke. Harufu ya siki ikajaa chumbani mpaka macho yakaniwasha, nikakitoa kisu nje, nikakiweka nyuma ya tangi la maji, nikaenda kazini. Mimi ni mpangaji, na ua ule ni wa wote.

Ndimu, kisu, kitambaa chekundu, uzi mweusi, nyuma ya tangi la maji ya watu. Msomaji ameshaelewa. Mimi sikuelewa.

Niliporudi alasiri nikakuta viti vimepangwa uani kuizunguka ndimu yangu, na chumvi imemwagwa pembeni. Mama mwenye nyumba, Mluguru wa Matombo, alikuwa na tasbihi mkononi. Kando yake alikaa jirani yangu wa chumba cha pili, mlokole kutoka Iringa, amekumbatia Biblia. Wawili hawa hawakuwa wakisalimiana tangu ugomvi wa kipaza sauti cha maombi. Siku ile walikaa bega kwa bega. Dini mbili zilikuwa zimekubaliana jambo moja, nalo ni mimi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Hiki ni cha nani?"

"Changu, mama. Ni cha kuzuia kutu."

"Kutu ya nani?"

"Ya kisu."

Akamtazama jirani. Jirani akauliza, "Na kitambaa chekundu?"

"Kilikuwa gauni."

"La nani?"

"Langu."

"Amechana nguo yake mwenyewe," jirani akanong'ona, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka barabarani.

Nikaona maneno hayatafika popote. Nikachuchumaa, nikakata uzi, nikachomoa kisu. Wote wakarudisha viti nyuma. Nikakisuuza bombani, nikatoa papai kwenye kapu langu, nikalimenya kwa kisu kilekile na kula kipande mbele yao, polepole, nikitabasamu kama mtu asiye na hatia.

"Umeona?" mama mwenye nyumba akamwambia jirani. "Mwenyewe hakimdhuru. Ndiyo dalili."

Nikamaliza papai peke yangu. Nani angenisaidia?

Kisu, kwa haki yake, kilitoka vizuri, kijivu chenye ubuluu kidogo kama shingo ya njiwa. Mvua ikaja, ikapita, kutu haikurudi. Jirani naye, aliyezoea kuazima mkaa wangu bila kuniambia, akaacha. Nikikuta watu bombani wananipisha. Kusema kweli sikujitahidi sana kuwaondolea hofu.

Kisha mchana mmoja mama mwenye nyumba akabisha hodi, kisu chake cha jikoni amekifunga kwenye kanga.

"Hiki nacho kinashika kutu," akasema.

Nikakigeuza. Kilikuwa kisu kipya, king'aavu, cha chuma ambacho hakishiki kutu hata ukizikwa nacho.

"Mama, hiki hakina shida."

Akakaa kitandani bila kukaribishwa. "Yule kijana aliyemposa mwanangu amenyamaza. Simu hapokei, salamu haleti. Sasa hiyo ndimu yako..."

"Mama, ndimu hii haiiti wachumba. Ingekuwa inaita, ningekuwa napanga peke yangu?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona amechoka, mama tu anayemwonea binti yake uchungu. Roho ikaniuma. Nikachukua ndimu, nikaichoma kisu chake, nikampa.

"Weka dirishani," nikasema. "Kesho kioshe, ukatie kachumbari."

Kijana alitokea wiki ileile, akiwa na mjomba wake na kreti la soda. Alieleza mbele ya kila mtu kwamba simu yake iliibiwa stendi ya Msamvu, na namba zote zikapotea nayo.

Jioni mama akaniletea sahani ya pilau, imefunikwa kwa kawa.

"Mama," nikasema, "simu yake iliibiwa. Amesema mwenyewe."

"Nimesikia," akajibu. "Kula, itapoa."

Nikala. Nyama ilikuwa nyingi kuliko haki yangu.