Tuta la Udongo wa Kichuguu

Enzi zetu barabara ya Singida ilikuwa inalala. Nyie mliozaliwa baada ya lami mtaniona mzushi, lakini wenzangu wa Kizota ya wakati ule ni mashahidi wangu. Jua likizama, gari la mwisho likishapita na vumbi lake likishatua juu ya minyaa, njia ile ilikuwa yetu. Tulicheza rede katikati yake kwa mpira wa matambara, na gari lililochelewa likisikika kwa mbali tulikuwa na muda wa kumaliza mchezo, kubishana nani kafa na nani mzima, ndipo tukasogea pembeni kulisubiri. Ugali wa uwele na mlenda tulilia nje, sinia moja, na kimya chenyewe kilikuwa cha namna ambayo ukitafuna karanga, jirani anajua kwenu leo kuna karanga.

Ng'ambo ya barabara aliishi Mama Mkubwa Mwajabu, dada yake mama. Wote wawili walizaliwa Kondoa, wakaolewa Dodoma. Mama Mkubwa alifiwa na mumewe mapema bila kujaliwa mtoto, akajenga uso kwa uso na sisi makusudi, ili asiwe mbali na mdogo wake. Kila usiku kabla ya kulala alisimama mlangoni kwake, na mama mlangoni kwetu.

"Zaituni, mmefunga?"

"Tumefunga, dada."

"Na kuku?"

"Wameingia."

"Haya, tuamke salama."

"Inshallah."

Hawakupaza sauti, utadhani wako chumba kimoja. Wakati mwingine waliongezea Kirangi kidogo, wakacheka, na sisi tuliokuwa mkekani tukajua kuna mtu wa mtaani anasengenywa. Mimi sikuwahi kupata usingizi kabla sijasikia habari za kuku.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa. Tusidanganyane, tuliifurahia. Sisi watoto wa foleni za sukari na vipande vya sabuni vilivyokatwa kwa uzi, ghafla tunaona madukani kuna biskuti, viatu vya plastiki vya kila rangi, na mitumba ya kuchagua! Lakini bidhaa hazina miguu. Malori yakaanza kupita, kwanza mojamoja, baadaye usiku kucha, yakipeleka mizigo Mwanza, Rwanda na Burundi. Matrela yaliruka kwenye mashimo, bati la nyumba likaitikia, vikombe vikatembea kabatini. Mama na dada yake wakalazimika kupiga kelele, kisha kusubiri lori lipite, kisha kuanza upya.

Mama Mkubwa ndiye aliyekwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. "Balozi, hatulali," alimwambia. "Na mimi naishi peke yangu. Nikiumwa usiku nani atanisikia?" Balozi, mzee wa Kigogo mpole sana, akaitisha kikao. Baada ya maneno mengi dawa ikaonekana ni tuta: madereva wapunguze mwendo, na kelele zipungue. Nani angepinga jambo zuri kama hilo? Jumapili moja mtaa mzima ulitoka na majembe na makarai. Na kwa kuwa sisi ni watu wa Dodoma, hatukuchota udongo hivihivi. Tulibomoa vichuguu. Udongo wa kichuguu ndio tuliosakafia nyumba, ndio tuliojengea meko; ukiloweshwa ukashindiliwa, mvua zetu hizi haziuwezi. Mama Mkubwa alibeba karai kichwani huku anaimba, na jioni tukawa tunalikanyagakanyaga tuta letu kwa majivuno.

Usiku wake tulipata majibu. Lori likifika linafunga breki za upepo kwa mlio wa kupasua masikio, gia zinasaga, trela tupu linaruka tuta kwa kishindo, minyororo inalia, kisha dereva anakanyaga mafuta kwa hasira ili apate mwendo tena. Kelele zilizokuwa zikipita, sasa zilikuwa zinasimama mlangoni.

Tungelivunja asubuhi yake. Kilichotuzuia ni mayai. Jirani yetu mmoja alitambua kwamba lori linalopunguza mwendo lina dereva mwenye njaa, akatoka na sahani ya mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Alirudi na sahani tupu. Wiki haikuisha palikuwa na karanga, kahawa na mishikaki, koroboi zimejipanga kando ya njia kama harusini. Haukupita muda kikaja kibanda cha pombe chenye redio ya kaseti. Na mama yangu akatoka na beseni la zabibu. Simlaumu. Baba alikuwa amepunguzwa kazini, shule zimeanza kudai ada na michango isiyokwisha, na zabibu za pale tutani ndizo zilizonivalisha sare mpaka kidato cha nne.

Balozi alipoitisha kikao cha kuvunja tuta, hakuna aliyefika isipokuwa Mama Mkubwa. Basi akapita nyumba kwa nyumba. "Jamani, si tulilijenga ili tulale?" Watu wakamjibu, "Mama, usingizi haulipi ada." Alipofika kwetu, mama alikuwa anaosha zabibu, na nakumbuka hakuinua macho.

"Dada, ngoja kwanza watoto wamalize shule."

Mama Mkubwa alikaa kwenye kigoda, akachukua zabibu moja, akaila taratibu. "Haya," alisema. Hakulizungumzia tena.

Salamu za usiku zikafa hivyohivyo, bila ugomvi. Saa za kulala mama alikuwa tutani na beseni lake, na hata siku alizorudi mapema, angeita akasikiwa na nani? Kwa muda Mama Mkubwa aliendelea kusimama mlangoni na kibatari, akakiinua juu, na mama akiwepo naye akainua chake. Basi, wakaingia ndani. Baadaye taa za malori zikawa zinatuchoma macho, vibatari navyo havikuonekana tena.

Mama Mkubwa alifariki kiangazi kimoja nikiwa kidato cha tatu. Jirani aliyekwenda kuomba moto asubuhi alimkuta ameketi chini mlangoni kwake, ameegemea mwimo, mlango uko wazi, uso umeelekea kwetu. Tulimzika alasiri. Watu walitufariji kwamba amekwenda bila kuteseka, na mama aliitikia kwa kichwa, lakini mwenyewe alimwuliza kila aliyekuja msibani swali lilelile, na aliendelea kuuliza hata baada ya arobaini: "Kuna aliyesikia akiita?" Hakuna. Angesikia nani? Malori yalipita usiku ule kama usiku mwingine wowote. Labda aliita mpaka sauti ikamkauka. Labda hakuita kabisa, alitoka tu kupunga upepo. Hatutajua kamwe, na kutojua huko ndiko kulikomzeesha mama yangu kabla ya wakati wake.

Tuta lilivunjwa miaka mingi baadaye na wajenzi wa lami. Greda lilihangaika nalo tangu asubuhi, hadi dereva wake akashuka kutuuliza tulitumia saruji ya wapi. Hakuna aliyecheka.

Siku hizi ni balaa tupu. Barabara ni pana, malori hayahesabiki, bodaboda zimetobolewa mabomba ya moshi ili zisikike mpaka Bahi, na mabasi yanapiga honi za nyimbo usiku wa manane. Juzijuzi niliitwa kwenye kikao cha mtaa cha kutafuta namna ya kupunguza kelele. Kijana mmoja nadhifu, mwenye kompyuta, alisimama akapendekeza matuta. Nilibeba mkoba wangu nikaenda nyumbani. Huko nako binti yangu amejiziba masikio kwa vidude vya simu, analala kwa kusikiliza mvua iliyorekodiwa. Mvua, Dodoma hii, kila usiku! Sisi tuliingoja mpaka Desemba, na bado ilitukimbia. Nikimsimulia kwamba zamani tulilala bila kuziba chochote, ananitazama kwa huruma, kana kwamba mimi nililelewa porini.

Mama bado yupo. Tumemwomba ahamie Haneti kwa mdogo wangu, ambako hata leo usiku ni usiku, amekataa katakata. "Kule nikae nimsikilize nani?" anasema. Kila siku saa za kulala huweka kiti mlangoni, akatazama ng'ambo ilipokuwa nyumba ya dada yake, ambayo sasa ni gereji. Hutokea, mara chache sana, lori moja likapita na jingine likawa halijafika, pakawa na kimya kidogo. Hapo mama huinua mkono kutunyamazisha wote, akatega sikio. Kisha lori jingine huja. Yeye hushusha mkono, akaniuliza bila kunitazama, "Kuku wameingia?"

Nami humjibu wameingia, ingawa kuku tuliacha kuwafuga zamani.