Baba wa Kuazima

Mume wangu Eladio aliwahi kuwa baba wa wavulana kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja niliyemzaa mimi. Msinitazame hivyo. Hakuna mwanamke mwingine aliyemzalia pia, maana ningeshasikia. Mtaa wetu hapa San Pedro de Macorís hauwezi kuficha hata harufu ya samaki wa jirani. Mimi nilimzalia mabinti wawili, nikasema basi. Kwa hao kumi na mmoja aliazimwa tu.

Eladio Wilmore ni mrefu. Hakuna mlango mtaani ambao hajaugonga kwa paji la uso, na watu wamemwita Mlingoti tangu ujana wake, hata padre. Urefu huo haukuwahi kutuletea kitu zaidi ya suruali fupi, mpaka siku aliyopita Don Cuqui. Huyu ni kocha wa besiboli mwenye uwanja nyuma ya kiwanda cha sukari. Huwachukua watoto wakiwa na miaka kumi na miwili, huwalisha, huwafundisha, kisha huwaonyesha kwa skauti, wale watafuta vipaji wa timu za Wamarekani. Mtoto akipata mkataba, Don Cuqui hukata fungu lake, tena hakati kwa kisu kidogo.

"Zunilda, niazime mumeo," akaniambia.

"Wa nini? Kama ni kubadilisha taa, ngazi ipo."

"Awe baba kwa saa mbili."

"Mbili? Kwangu hajawahi kufikisha hata moja mfululizo!"

Jambo lenyewe ni hili. Skauti akija kumtazama kijana wa miaka kumi na sita, anatafuta mwili ambao haujafika bado. Ndiyo maana hupima viganja na kuuliza namba ya kiatu, halafu anasema kwa sauti tamu, "Na baba yupo?" Baba akitokea mlangoni ameinamisha kichwa asigonge, bei inapanda kabla kahawa haijachemka. Baba akiwa mfupi, skauti anakumbuka ghafla kwamba ana miadi mji mkuu, Santo Domingo. Watoto wazuri walikuwa wanakosa mikataba kwa sababu ya miguu ya baba zao. Siku ya kutia saini huja watu wa ofisi ambao hawakumwona baba yeyote, basi baba halisi anajitokeza na kitambulisho chake na mambo yanakwisha. Mlingoti kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti siku ya kutazamwa, akiwa mrefu.

Hakuchukua peso hata moja. Alitaka sahani ya nguruwe wa kuchoma siku ya sherehe, na mtu wa kumwambia kwamba mtoto amefika salama kwenye kambi ya timu. Mimi nilijua sababu. Naye alikuwa mrushaji wa mpira enzi zake, mrushaji wa kutisha, na wiki mbili kabla ya kutia saini mkataba wake bega la kulia likaachia. Karatasi ikarudi kwenye mkoba wa skauti bila jina lake. Hakuwahi kulisema jambo hilo mbele za watu, ila kila kijana wa mtaa aliposaini, Eladio alikwenda kusimama nje ya dirisha la Don Cuqui.

Na kazi ya ubaba akaiweza! Alikariri tarehe za kuzaliwa, nani aliugua surua, nani aliogopa mbwa. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akaanza kuongeza chumvi. Alimwambia skauti mmoja kwamba babu wa ukoo wao alizikwa miguu ikiwa nje kwa kukosa jeneza. Nilikuwa dirishani, nikakimbilia jikoni nicheke huko.

Shida ni kwamba alianza kuwapenda. Mtoto wake wa nne wa kuazima, Amaury, alipofika miaka ishirini timu yake ilimtoa pamoja na mwenzake, wakabadilishwa na mrushaji mzee aliyebakiza msimu mmoja mkononi. Ndivyo wanavyojenga timu huko kaskazini: huyu ananunuliwa akuzwe, yule ananunuliwa ili siku moja abadilishwe, na mchezaji hupata habari zake kwa simu akiwa amepanga vyombo kwenye nyumba mpya. Mlingoti hakula siku hiyo.

"Wamemtoa mwanangu kwa babu wa miaka thelathini na nane!"

"Mwanao yupi? Hata jina la mama yake hulijui."

"Nalijua. Nerys." Akaanza kulia mezani, juu ya maharage.

"Machozi ya nani hayo, Eladio?" nikamuuliza. Nilimuuliza hivyo kila mara, kwa kila mtoto, na kila mara alinuna.

Sasa nifike kwa Neftalí, yule wa kumi na mmoja. Ni mtoto wa jirani zetu wa ukuta kwa ukuta, Fermín na Mireya. Fermín ni fundi wa feni, na ufupi wake si wa masihara. Kinyozi humwekea kitini ubao ule wa kukalia watoto. Lakini kila jioni, tangu mtoto ana miaka mitano, alisimama uani akimrushia vizibo vya madumu ya maji, naye Neftalí akivipiga kwa mpini wa fagio. Kila mtoto hapa amecheza hivyo. Kizibo hakiendi moja kwa moja. Hupinda, huzama, hubadili mawazo njiani. Fermín alivirusha kwa ujanja ambao sijauona kwa mtu mwingine, na mahali alipokanyaga kwa mguu wa kushoto saruji imelika.

Skauti watatu walimtazama Neftalí, wakamtazama Fermín, wakakumbuka miadi yao. Mtoto akafika miaka kumi na saba na nusu. Kwenye biashara hii huo ni uzee. Kumi na nane ikifika, Don Cuqui humtoa kwenye uwanja wake, na nafasi yake humpa mwingine. Alibaki skauti mmoja, Bwana Haskell, Mmarekani mzee mwenye kofia ya majani. Akikataa huyo, Neftalí angekwenda kukata miwa au kutengeneza feni.

Don Cuqui alikuja nyumbani kwao na wazo lile lile la baba wa kuazima. Mireya akaja juu.

"Mimi na Mlingoti? Watu watasema nini?"

"Watasema umepanda cheo," nikamjibu.

"Shoga, usinichekeshe, nina hasira!"

Fermín alikuwa anafungua feni wakati huo. Hakuinua uso. "Kama itamsaidia mtoto, akae kwenye kiti changu," akasema. "Ila kahawa nitapika mimi."

Siku yenyewe ilianza vibaya. Asubuhi uwanjani, Neftalí alishikwa na woga, akapiga mipira miwili kati ya kumi. Tumaini lote likahamia kwenye miguu ya mume wangu. Mireya alikuwa ameshusha picha ya harusi yake na Fermín sebuleni, pakabaki pembe nne safi ukutani, rangi iliyosahauliwa na jua. Mlingoti akakaa chini yake, magoti yakiwa karibu na masikio. Fermín akaingia na sinia, akamkaribisha mgeni kahawa nyumbani kwake mwenyewe kama mtumishi.

Kihispania cha Haskell kilikuwa cha mtu mwenye ndizi ya moto mdomoni. "Kijana wako ana kasi, bwana. Lakini leo amepiga vibaya."

"Uchovu," mume wangu akasema. "Ukoo wetu tunarefuka usiku. Asubuhi mifupa inauma."

"Ahaa." Haskell akaitazama ile pembe nne ya ukutani, akanywa kahawa. "Nasikia mtaani kwenu baba ndiye anayewafunza watoto kwa vizibo. Twende uani, umrushie kumi nione."

Nilikuwa nimeegemea uzio, nikamwona Mlingoti akijipapasa bega la kulia. Bega hilo lilikuwa halijarusha kitu tangu tulipooana, hata nguo chafu kwenye kikapu. Kizibo cha kwanza kilipanda juu ya bati. Cha pili kilinipiga mimi kwenye paji la uso.

"Wewe! Mwanao yuko upande ule!" nikapiga kelele.

Majirani waliojaa kwenye uzio wakacheka mpaka wakashikana. Cha tatu kilimwangukia miguuni. Neftalí alishika mpini wa fagio akiangalia chini, masikio yamemwiva. Haskell hakucheka. Alifunga daftari lake, akalitia mfukoni.

Fermín aliuona mkono ule ukienda mfukoni. Akaweka sinia kwenye ngazi.

"Sogea, jirani," akamwambia Mlingoti, akaenda kusimama pale saruji ilipolika.

Alirusha ishirini. Neftalí alipiga kumi na saba. Vizibo vilienda juu ya mapaa, kimoja kikaingia kwenye sufuria yangu ya maharage, na yule mtoto aliyekuwa amekufa ganzi asubuhi alikuwa anacheka kwa sauti, anamwambia Fermín, "Leta! Leta kingine, kama unacho!" Kufikia cha tano daftari la Haskell lilikuwa limetoka tena.

Mwishowe skauti akauliza, "Wewe bwana wa kahawa, ni nani hapa?"

"Jirani," Fermín akasema.

Moyo uliniuma. Ujanja ule nilikuwa nimeuchekea miaka sita, na siku hiyo nikaona aibu. Mtu yuko uani kwake, amesimama kwenye alama ya mguu wake, mbele ya mtoto wake, anajiita jirani.

"Si jirani," Neftalí akasema.

"Nyamaza, wewe!" Don Cuqui akafoka.

"Ni baba yangu. Mzee Mlingoti tumemwazima."

Haskell akavua kofia, akajipepea. "Huyu mrefu namfahamu, ingawa siku zile aliongea na wenzangu, mimi nilibaki garini," akasema. "Mwaka juzi alikuwa baba wa mrushaji kule Consuelo. Mwaka uliotangulia alikuwa na kijana wa mkono wa kushoto, karibu na bandari, kwa mke mwingine."

Watu wote wakanigeukia mimi. Nikashika paji langu la uso kana kwamba linauma sana.

"Timu yetu imewachukua watoto wake watatu," Haskell akaendelea. "Ofisini wananiuliza kila mwezi kwa nini hawarefuki."

Za mwizi arobaini. Mume wangu, aliyekuwa amesimama katikati ya ua bila pa kujificha, maana ataficha nini, akasema kwa sauti ndogo, "Yule wa kushoto ameongeza nusu inchi."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Mireya. Haskell mwenyewe alicheka mpaka akaomba maji, kisha akapangusa macho na kumwambia Fermín ukweli: asubuhi uwanjani alishaamua kukataa, alikuja kumuaga kijana kwa heshima tu. "Sasa mrushie vingine kumi. Polepole, niuone mkono wako."

"Polepole hajui," Neftalí akasema kwa majivuno.

Mkataba ulikuwa mdogo. Hautajenga ghorofa, utaezeka nyumba ya Mireya na kumfikisha mtoto kwenye kambi ya timu, kule atakakoanza ngazi ya chini kabisa na vijana wengine mia. Anaweza kukuzwa, anaweza kubadilishwa na babu fulani, anaweza kurudishwa. Lakini jina lake lilikuwa kwenye karatasi.

Wiki tatu baadaye tulijazana kwa Don Cuqui. Nilimtafuta mume wangu ndani, sikumwona. Alikuwa nje ya dirisha, mahali pake pa siku zote, na safari hii hakuna aliyemwahidi nguruwe. Neftalí akasaini. Fermín akapanda kiti, akatoa kitambulisho, akasaini kama baba, taratibu, na picha ya harusi Mireya alikuwa ameipakata kabisa, asije mtu akauliza. Chini ya karatasi palibaki nafasi ya shahidi. Don Cuqui alishafungua kalamu yake ya dhahabu. Fermín akaichukua mkononi mwake, akaipitisha dirishani.

"Mimi?" Eladio akauliza.

"Wewe. Ingia ndani, na leo uandike jina lako mwenyewe."

Aliingia, akagonga kichwa mlangoni, hakuna aliyecheka. Kalamu aliishika kwa mkono wa kulia, ule ulioikosa karatasi ya namna hii miaka thelathini iliyopita. Aliandika Eladio Wilmore, herufi moja moja, kubwa mno kwa mstari ule. Pembeni palikuwa na swali la uhusiano wake na mchezaji. Alimtazama Fermín, akamtazama mtoto, akaandika: jirani. Kisha akalia mbele za watu wote, na siku hiyo sikumuuliza ni machozi ya nani.